Ile Brouillon ya Dot ya Furaha

Hapana, ile DVD haikufa. Nani alikuambia ilikufa? Uliisukuma mu lecteur mara moja, picha ikakatika tupande-tupande, ukaitosha, ukasema ni takataka. Njo vile nilimujibu ule kijana siku ya matanga ya Maman Nsimire, kule Nyalukemba, mbele ya batu bote benye balikuwa bameikala ku machaise za plastique. Ni mutoto wa ndugu ya marehemu. Alikuwa anashika ile DVD na vidole mbili, kama mutu anashika panya ku mukia. "Tonton Bisimwa," akasema, "hizi za kufuta na kuandika zilikuwaka za uongo. Hazichungaka kitu. Na ukishafuta, imeisha." Nikasimama. Nilimuambia asizungumuze kitu yenye hajui, mi sikusomaka mambo ya ordinateur ku université yoyote, nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu, na ya kuharibu nimeharibu mingi kumupita.

Ukweli, kijana alikuwa na haki nusu. Ile DVD yenye tulikuwa tunaita RW ni kitu ya mashaka. Ile ya kawaida, laser inaichoma mara moja, inabakia kama kovu. RW haichomwake. Ndani yake kuko kangozi kembamba kenye laser inayeyusha na kugandisha, kama mafuta ya mawese mu chupa: asubui imeganda, muchana imeyeyuka. Ukiiacha ku jua, inachoka. Ukiiandika juu mara mingi, inachoka. Lakini kufuta, hapo njo batu banadanganyika. Ukiambia ordinateur ifute mbio-mbio, haifute kitu. Inaenda tu ku mwanzo ya disque, inaziba mulango, inaandika inje kama nyumba haina mutu. Batu bote bangali ndani. Banacheza, banakula, banaongea. Ni kubisha tu njo hakuna mwenye anaweza.

Nilisema ile yote kwa sauti ya juu, ku matanga, mbele ya sanduku ya mutu mwenye alinilisha. Ndipo nikaona Furaha, binti ya marehemu, ananiangalia. Haya ikanishika kutoka miguu mpaka masikio, nikaikala. Juu ilikuwa mara ya pili napiga mudomo juu ya ile DVD, mu ile salon, mbele ya batu benye banalia.

Mwaka ya ile mara ya kwanza nilikuwa mupangaji wa Maman Nsimire, mu kachumba ka nyuma ya nyumba yake. Ukuta ilikuwa ya mbao, na ku upande wa jikoni mbao hazikukutanaka muzuri, basi harufu ya samaki ya sambaza ilikuwa inaingia kwanza na maneno inafuata. Nilijua mambo yote ya ile nyumba bila kuuliza. Asubui nilikuwa namusikia anavunja makala, anaomba Mungu na Mashi, luga ya kwao, kisha anatukana makala juu iko mubichi, yote mu pumzi moja. Mangaribi anagonga ku mbao na mwiko: "Bisimwa, bugali inapoa. Ama unangojea tukuletee na nappe ya meza?" Nilikuwa mupangaji, lakini sikukulaka kama mupangaji. Nilikula mu sahani yao, ku meza yao, na kama nilichelewa balinichungia. Mutu akikulisha vile, we ni wake. Siku moja jirani alisema ku robinet kama Maman Nsimire anajifanya mukubwa tangu binti yake aposwe na mutu wa bureau. Nikashika bidon ya ule jirani nikaimwanga yote chini. Maman alinikemea mbele ya batu, akaniita mujinga, akamujazia jirani bidon ingine. Lakini mangaribi ile, ku sahani yangu, nikakuta kichwa ya samaki, na kichwa haipewake mupangaji.

Mutoto wake wa kwanza ilikuwa Murhula, mukubwa wa Furaha. Alikuwa anachimba zahabu kule Luhwindja. Akikuya Bukavu alikuwa analala mu chumba yangu, juu ya natte, ule mukeka, anachukua fasi yote. Alikuwa ananiita Ingénieur, kwa kunicheka. "Ingénieur, ni kweli banakulipa kwa kuangalia dot za batu, sherehe za mahari yao?" Namuambia, na we banakulipa kwa kuingia mu udongo kama fuko. "Fuko iko na nyumba yake," ananijibu. "We unapanga." Alikuwa na kucheka ya kuanzia mu tumbo, inapanda polepole, ikifika ku mudomo mutu hakumbuke tena nini ilikuwa ya kuchekesha, bote banacheka tu.

Kazi yangu ilikuwa ku studio ya Papa Zihalirwa, chumba moja kando ya barabara, na rideau ya bleu yenye batu balikuwa banapigiwa picha mbele yake. Yeye njo alikuwa anashika caméra. Mi nilikuwa wa ordinateur: kukata, kupanga, kuweka muziki, kuandika ku DVD. Na lazima uelewe vile kazi ilikuwa inaenda. Film ya dot haikukuwaka ya mutu mwenye alifilme. Ilikuwa ya comité. Kila familia ilikuwa na comité yake ya dot, na ile comité haikuisha siku ng'ombe zimefika, iliendelea mpaka film imekubaliwa. Basi tulikuwa tunaandika kwanza brouillon, film ya kujaribia, ku RW, na sauti ya siku ile vile ilivyo, naipeleka ku nyumba. Comité inaikala mbele ya télé na bière na beignets, inahukumu. Ule shangazi anakula mudomo wazi, mukate. Ule mukwe alikuya na nguo ya arusi ya mwaka jana, mutoshe. Huyu pasta, mumuongeze. Kisha RW inarudi ku studio, tunaifuta, tunaitumikisha kwa batu bengine. Kaseti ya caméra nayo, Papa Zihalirwa alikuwa anafilmia dot ingine juu yake. Familia ilikuwa inapewa DVD ya kweli, ya kuchomwa, na muziki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mu ile DVD hakuna mwenye alisikilikana akisema hata neno moja. Batu balikuwa banapenda vile.

Dot ya Furaha, mi sikukuwa ku kiwanja, nilibakia ku studio. Nilimuona Murhula ku brouillon, siku nilipeleka RW kwa comité, mu salon ya Maman. Asubui ya dot alikuwa amefika kutoka Luhwindja, na veste ya kuazima na bottes, buti zenye kujaa udongo. Bakwe baliingiza ng'ombe, bote bamevaa cravate. Murhula, kama kaka ya bibi arusi, akaenda kuzipima. Akashika moja, akaifungua mudomo, akaangalia meno, akageuka kwa bakwe na heshima yote: "Bakwe zangu, huyu tusimutie mu dot. Huyu tumupatie pension yake arudi nyumbani." Kisha akaelekea caméra, uso yake ikajaza écran, na ile kucheka ikaanza kupanda. Mu salon hakuna mwenye alikuwa anasikiliza sauti. Ku brouillon batu banatafuta nyuso zao, bote banaongea mara moja, banasukumana, "njo mi ule, njo mi ule." Tonton yao mwenye alikuwa président wa comité akanyoosha kidole.

"Ule wa bottes, mukate."

"Wapi, Tonton?"

"Fasi yote."

Nikamuangalia Maman Nsimire. Alikuwa anapanga beignets ku sahani. "Hii film itafika kwa bakwe," akasema bila kuinua macho. "Mukate, Bisimwa." Nikamukata. Mi kwa Maman Nsimire ningekata hata mi mwenyewe.

Wakati Murhula alirudi, balimuekea film ya kweli. Aliiangalia yote, mikono ku magoti, mpaka majina ya mwisho. Kisha akanigeukia: "Ingénieur, mi nilikuwa ku ile dot ama niliota?" Batu bakacheka. Yeye alicheka kubapita bote.

Mbele ya mwaka kuisha, udongo ulibafunika kule Luhwindja, yeye na benzake. Benye balipona njo balimutosha, bakamuleta Bukavu amefungwa mu bâche ya turubai, na balituambia tusifungue. Maman hakumuona uso. Ku matanga yake baliweka photo ya carte yake, balikuwa bameigrandisha, ile photo yenye kila mutu anaonekana kama mwizi amekamatwa. Muda yote ya kilio nilikuwa nasikia batu banamuambia Maman ashukuru Mungu, amezika, kuko benye hawakupata hata mwili. Alikuwa anajibu: "Aksanti." Nyuma ya mbao, peke yake, alikuwa anasema kitu ingine: "Nimeanza kusahau vile alikuwa anatembea."

Siku moja alikuya mu chumba yangu. Hakukuwa anaingiaka. Aliikala ku kitanda. "Ile film ya kwanza," akasema. "Yenye tuliangalia na comité. Iko wapi?"

"Ilifutwa, Maman."

"Yote?"

"Batu banasema yote." Ningenyamaza pale. Lakini mi sikuzaliwa na mudomo ya kunyamaza. "Lakini bo hawajui, mi najua. Niache siku kidogo, nitakurudishia mutoto." Nilisema mutoto. Sikusema film. Akanishika mukono akaiweka ku paji lake, vile batu banafanya na pasta, na mi nikamuacha afanye.

Papa Zihalirwa hakutaka. Alikuwa anakula maharagi nyuma ya comptoir, aliweka kijiko chini. "Kitu yenye familia inakata, inakata na sababu yake. Kazi yetu ni kukata na kufunga mudomo."

"Papa, ni mama anaomba mutoto wake."

"Anaomba yenye anakumbuka. Yenye iko ku disque ni ingine. Ukiipata, uangalie yote kwanza. Peke yako."

"We unaogopa batu bajue kama kufuta kwako ni uongo, basi."

Alinizidi umri mara mbili, na alinifundisha kazi. Alibeba sahani yake akaenda kumalizia inje.

Tulikuwa na fungu ya RW ku meza, kila moja imeandikwa jina na marqueur, jina juu ya jina, juu tulikuwa tunafuta na alcool na alama inabakia. Nikaipata ile yenye chini ya jina ya mutoto wa ubatizo kulikuwa bado kivuli ya "Furaha". Ubatizo ilikuwa brouillon fupi. DVD inaandikwa kutoka katikati kwenda inje. Ubatizo ilikula katikati tu, na ku kando, kama Mungu anataka, dot ilikuwa ingali. Lakini lecteur ilikuwa inakataa kwenda mbali, juu ku mulango imeandikwa: hakuna mutu. Basi nikaidanganya. Nikafungua kifuniko ya lecteur na tournevis, nikatia DVD ingine yenye kujaa mpaka mwisho, nikaiacha iisome na kuizoea. Kisha nikaisimamisha, nikaitosha polepole bila lecteur kujua, fasi yake nikaweka RW yetu. Lecteur ikabakia inaamini ingali na ile ya kwanza. Mara ya kwanza ikalia kama mbuzi na kusimama. Nikasafisha jicho yake na pamba, nikaanza tena, na tena, mpaka logiciel, programu yenye nilitosha ku cyber, ikaanza kukusanya vipande, na mu kipande kimoja nikaona botte. Botte ya udongo, inakanyaga majani ya kiwanja. Nililia ku clavier, sioni haya kusema ile. Haya yangu iko fasi ingine.

Iko hapa: sikusikiliza. Ma-baffle ya studio zilikuwa inje ku mulango, zinapiga muziki ya kuita baclients, na mi nilikuwa naangalia picha kimya. Ningeenda kuzitosha, ni hatua kidogo tu. Lakini nilikuwa na haraka ya kuonwa.

Levée de deuil, siku ya kuondoa matanga, ilifanyika mu salon ile ile. Maman alikuwa ametosha nguo nyeusi, amevaa kitenge mupya, anajishikashika kama mutu hajakizoea. Familia yote ilikuwa pale, na comité, na président wao. Ku banc ya nyuma baliikala bachimbaji ba Luhwindja benye balimutosha Murhula na mikono yao. Balipewa bugali na nyama kwanza, kabla ya bakubwa, Maman mwenyewe njo alisema. Na mi nilikuwa nimeazima baffle ya chorale, kubwa kama kabati. Nikasimama mbele ya télé nikahubiri. Nikasema batu banadanganyaka kama kitu ikifutwa imeisha. Nikasema kuko benye balikata huyu mutu, na leo mi namurudisha. Nilisema ile nikimuangalia président wa comité, nikafurahi kumuona anaangalia chini. Kisha nikaanzisha.

Murhula akatokea. Salon yote ikavuta pumzi. Hakuna mwenye aliongea, na hapo njo hatari yote ilikuwa, juu sasa kila kitu ilikuwa inasikilikana: majani, ng'ombe, pension. Batu bakaanza kucheka na kulia pamoja. Maman alikuwa ameshuka chini, ku natte, karibu na écran. Murhula akageukia caméra, uso yake ikajaa, kucheka ikaanza kupanda. Na juu ya ile kucheka, mu baffle ya chorale, sauti ya mwanamuke mwenye alikuwa kando ya caméra siku ile, sauti yenye kila mutu mu ile salon alikuwa anajua, ikasema: "Papa Zihalirwa, geuza, usimuweke ule. Anatupatisha haya. Angebakia tu kule mu mashimo yake."

Film iliendelea. Ng'ombe ilipita. Nilishika télécommande na sikukumbuka bouton. Ku banc ya nyuma mumoja wa bachimbaji akaweka sahani yake chini, bugali ingali nusu, akavaa kofia, akatoka. Bengine bakamufuata, mumoja mumoja, banapita mbele ya Maman banainama kidogo, juu bo balikuwa na adabu. Nikapata bouton. "Acha itembee," Maman akasema. Hakugeuka. Iliendelea mpaka fasi picha inakatika.

Kisha ya ile siku mwiko haikugonga ku mbao tena. Nilikuwa nakula mukate na avocat mu kachumba, nasikia banakula kule bila kuongea. Ku studio Papa Zihalirwa hakuniuliza kitu, alikuwa ameshasikia. Muda ikapita, siku moja mwiko ikagonga. "Bugali." Nikaingia. Alinipa sahani, akaniacha nimalize, kisha akasema nimuonyeshe bouton ya kurudisha nyuma. Nikamuonyesha. Na tangu hapo, muchana, wakati anadhani siko, nilikuwa nasikia kupitia mbao: kucheka, na juu yake ile maneno. Anarudisha. Kucheka, na ile maneno. Nikaingia siku moja nikamuambia, Maman, niiweke muziki, hutasikia tena.

"Ukiweka muziki, utafunika na kucheka yake."

"Maman, lakini ile maneno..."

"Ile maneno ni yangu, Bisimwa. Sikuazima kwa mutu."

Nilihama mbele ya masika kuisha. Nilimuambia ni juu ya kazi. Niliendelea kumusalimia, kumupelekea sukari ku sikukuu, lakini sikulala tena nyuma ya ile mbao, na yeye hakuniuliza kwa nini.

Kisha ya mazishi ya Maman nilibeba ile RW kwangu, kuonyesha tu ule kijana kama nilisema kweli. Niliipiga polepole, kwa vitesse ya chini kabisa, nikirudilia kila fasi yenye imechoka, na ilitoka yote. Iko sasa ku clé USB. Furaha alikuya kuichukua ku atelier yangu, siku hizi natengeneza matéléphone. Aliangalia film amesimama, kisha akasema: "Tosha sauti. Weka wimbo wa kanisa, chochote. Batoto bangu bataangalia bibi yao na tonton yao, hawatasikia ile."

"Maman alikataa."

"Maman alikufa. Ile haya sasa ni mi naibeba."

Nikamuambia, na kucheka ya Murhula? Imeshikana na ile maneno, nimejaribu na ma-logiciel yote yenye najua, haitengane. Akasema yeye anaikumbuka vile ilikuwa. Nikasema batoto bake hawawezi kukumbuka kitu yenye hawakusikia. Nilisema kwa nguvu, na mukono ku meza, vile nasemaka. Furaha alingojea nimalize.

"We ulituletea hii mara moja mbele ya batu," akasema. "Sikukuambiaka kitu miaka yote hii. Mara hii fanya yenye familia inaomba."

Aliacha clé ku meza, atarudi kuichukua kisha ya misa. Hii mara nimesikiliza kwanza, peke yangu, na casque ku masikio, mpaka nimechoka kusikiliza. Nimemupoteza Papa Zihalirwa wa kuuliza. Na siku hizi najua kufuta ya kweli, ile yenye hata ukidanganya lecteur hutapata kitu. Weye ungefuta?